Gugu Karoti la Kasansa

Nilitoka Mpanda kwa sababu ya maziwa. Mama Kulwa, mfugaji wa Kasansa, alinipigia simu mara tatu: maziwa ya ng'ombe wake yamekuwa machungu, wanunuzi wamemkimbia, na majirani wanasema amerogwa. Mimi ni bwana shamba. Uchawi si kazi yangu. Nilikuwa nimechoka hata kabla sijafunga begi.

Saa moja asubuhi basi liliondoka. Mbugani mbung'o walitushughulikia, vumbi likamalizia. Kibaoni nikapanda bodaboda, na kandokando ya barabara nikaona nilichokiogopa: majani kama ya karoti, maua madogo meupe. Gugu karoti. Nilimwomba dereva asimame nihakikishe, kisha nikakaa chini. Nimeling'oa gugu hili miaka mingi na halijui kukoma.

Saa nane nikafika.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu Mama Kulwa kwa Kisukuma.

"Mwadila. Nyie watu wa mjini mnachelewaga sana!"

Nilimweleza kuwa ng'ombe wakilila gugu hilo, maziwa huwa machungu. Tukalifuata kuanzia malishoni hadi lilikokuwa limesongamana zaidi, nyuma ya nyumba, juu ya kaburi dogo. Gugu lilikuwa limepandwa kwa mistari.

"Hapo amelala Doto, pacha wa Kulwa," alisema. "Nilipanda maua mengine, mbuzi wakamaliza. Haya hawayagusagi. Niliyatoa barabarani mwenyewe."

Niliona huruma, na aibu pia. Nimefundisha vijiji vingi kung'oa magugu, lakini sikujua namna ya kumwambia mama ang'oe maua ya mwanawe. Nikasema hivyohivyo, vibaya: mbegu zinatoka hapa, na zikipukutika, mwakani hutakuwa na malisho.

Alinyoosha mkono kwenye glavu nilizotoa begini.

"Nipe hizo glavu. Wewe usiguse. Nilimpandia mimi, nitang'oa mimi."

Aling'oa shina moja moja pamoja na mizizi, akitia kwenye gunia taratibu mbegu zisidondoke. Mimi nilishika mdomo wa gunia. Tulichoma yote jioni ileile, na kwa yale ya malishoni tukapanga majirani waje wasaidie.

Kesho yake nilirudi Mpanda, mgongo unauma. Siku zote nilidhani gugu huenezwa na uzembe wa watu. Sidhani hivyo tena.

Wakati wa kuagana, Mama Kulwa aliniuliza ampandie Doto ua gani ambalo mbuzi hawali. Nimeuliza watu wengi hapa mjini, na kaburi bado halina ua.