Kahawa Iliyogoma Kuota

Watoto wangu wa chekechea hapa Kamachumu walitaka kupanda maharage kwenye makopo. Nikawacheka. "Maharage yanaota hata kwa mjinga! Tutapanda kahawa." Mimi, mgeni mwenye diploma ya kilimo, nikanunua sokoni kahawa kavu iliyofungwa kwa majani ya mgomba.

Miezi miwili ikapita bila hata chipukizi moja. Nikawaita wazazi, nikawalaumu watoto wao kwa uvivu wa kumwagilia.

Bibi mmoja akachukua punje iliyobaki mezani kwangu, akaitafuna taratibu mbele ya wote.

"Mwalimu, hizi tunawapa wageni watafune. Zilichemshwa kabla ya kuanikwa."

Mjukuu wake akanyoosha mkono. "Basi tupande maharage, Mwalimu. Si ulisema yanaota hata kwa mjinga?"