Kusikiliza Kihenge

Mama yangu anaishi peke yake Samuye, na adui yake mkubwa ni fukusi. Mwizi, anasema, angalau hupita na kwenda zake. Fukusi huzaliwa ndani ya chakula chako na bado hashibi. Mdudu huyo hubungua michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyoanika juu ya jabali mpaka vikauke kau. Kila nikifika kutoka Geita, hata marahaba hajaimaliza, ananivuta hadi kwenye kihenge, ghala letu la michembe, niweke sikio, maana fukusi wakiwemo utawasikia wakitafuna. Masikio yake yeye yamechoka, lakini thubutu umwambie.

Tangu baba afariki nilikuwa nikimbembeleza ahamie kwangu. Nilichoka mimi. Mara kuku, mara msiba wa jirani. Mwishowe akasema: "Ng'wanone, mwanangu, nikiondoka na fukusi wamo, nitakuwa nimewalimia wao. Kihenge kikiwa kimya, nakuja." Nikasema haya, Jumamosi tutasikiliza.

Jumamosi nikamkuta amekaa kwenye stuli, amevaa kitenge cha kanisani, mfuko wa nguo miguuni. Mama yangu, mtu ambaye jua halijawahi kumkuta amekaa! Uani kumefagiwa, kuku ameshawakabidhi kwa jirani. Alikuwa kama mgeni kwake mwenyewe, mikono magotini, ananitazama usoni.

Nikaweka sikio. Kimya. Nikahamia upande wa pili, nikabana pumzi. Kimya kabisa. Nilikuwa nimeshinda, na roho iliniuma jamani.

"Wamo," nikasema.

"Wengi?"

"Mama, humo ndani wanafanya harusi."

Akainuka upesi. Kitenge akakikaza kiunoni, mfuko akausukuma uvunguni, akaanza kunifokea kwamba nimesimama tu wakati jua linapita. Tukabeba michembe kwa ungo hadi jabalini, tukaitandaza. Pale akaokota kipande, akakivunja. Ndani kilikuwa cheupe, hakina hata tundu la sindano. Akakitazama, kisha akanitazama mimi. Akavunja kingine, nacho kizima.

Akanipa nusu, nusu nyingine akaitia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Kweli wamo," akasema. "Mwezi ujao uje tena usikilize."