Kutu ya Kupaka

Juzi, tena nikiwa nimetoka ibadani, nilimcheka mtu mzima dukani. Mungu anisamehe.

Mama huyo alishuka Same kutoka kijiji cha Mamba, huko milimani, kutafuta lami ya kuziba matundu ya bati. Pale kaunta, kijana mchora ramani za nyumba, aliposikia anakotoka, akamwonyesha picha kwenye simu.

"Shikamoo mama. Hii ni nyumba ya bosi wa Dar, ya kupumzikia Krismasi. Tunaanza kuijenga huko kwenu."

"Marahaba. Mbona ni ghala letu la tangawizi? Lile tulilojenga kwa msaragambo, kijiji kizima tukibeba mawe!"

"Ndilo tuliloiga. Bosi amelipenda, hadi kutu yake. Bati jipya tutalipaka rangi ya kutu."

"Na litavuja?"

Duka zima tukacheka. "Halivuji, mama!"

Yeye hakucheka. Aliweka kidole kwenye simu, palepale kwenye paa. "Letu linavuja. Tangawizi yote imeota ukungu."

Lami haikuwepo. Akaondoka mikono mitupu, na huko juu mvua inanyesha.

Bosi, kama unasoma hapa: nyumba ikiisha, ukisharudi Dar, nakuomba umwachie yule mama ufunguo aanike tangawizi yake sebuleni.