Fundi Aliyepanga Vivuli

Kabla ya kuchimba msingi wa darasa jipya la shule ya mlimani Mbololo, fundi alishinda siku nzima kiwanjani bila kushika jembe. Alisimika kijiti, na kila saa akaweka kijiwe pale kivuli chake kilipoishia. Mwalimu Wakio alimtazama kutoka darasa la zamani, ambako kila alasiri jua liliwapiga watoto machoni wakasoma wakijikinga kwa madaftari. Mikono ya fundi ilikuwa imepasuka kwa saruji, na macho yake hayakusoma hata namba za futi yake bila miwani, lakini vijiwe alivipanga taratibu kama mtu anayepanga mayai. Mzee Jeconia, mwenyekiti wa wazazi, alitaka madirisha yatazame barabara ili wageni wayaone. “Barabara haiji kusoma, mzee,” fundi alimjibu kwa sauti yake ya chini. Kuta ndefu zenye madirisha akazielekeza kaskazini na kusini, upande wa machweo akaujenga tofali tupu.

Siku ya kulifungua darasa, Julai ya mwaka sabini na nne, mawingu yalikuwa yamefunika mlima wote. Wazazi walisubiri hotuba ya fundi. Yeye akaenda kuketi dawati la nyuma kabisa, pembeni, akatoa Biblia yake ndogo, akasoma mstari mmoja kwa sauti, kwa mwanga wa madirisha tu, bila kukwama. Wakio ndiye aliyeanza kupiga makofi, kwa sababu alikuwa ameiona miwani ya fundi: ilikuwa bado mfukoni mwa shati.