Baba Aenda Kuwaona Makauboi

Baba yangu, Marhoon, aliendesha teksi Matrah tangu mimi sijazaliwa, lakini kichwani mwake siku zote alikuwa juu ya farasi. Utotoni, Unguja, kabla ya kuvuka bahari kuja huku, aliwaona makauboi kwenye sinema, na tangu hapo hajawaacha. Teksi akiitia mafuta husema anailisha. Mama alichoka kumcheka, mimi nikaendelea.

Kisha presha ya macho ikamwingia. Pembeni kote kumeziba, sasa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Daktari alimwambia waziwazi kwamba na hicho kidogo kitaondoka, pengine kabla ya mwaka kwisha. Baba aliuza teksi, akahamia kwangu Azaiba, akawa wa kushinda kitini hata akaniudhi.

Ndipo yakaja maonyesho kutoka Marekani, yale yanayozunguka nchi hadi nchi: picha, matandiko ya farasi na nguo za watu wa kule Magharibi mwao, wahamiaji na wenyeji waliowakuta. Nilipomsomea tangazo baba aliinuka kitini.

"Nipeleke, Maha. Nnataka kuiona ile nchi kwa macho yangu, maadam bado nnayo."

Asubuhi nikamkuta mlangoni na kilemba chake kizuri, dele la kahawa mkono mmoja, bakuli la halua mkono wa pili. Nikamwuliza vyote hivyo vya nini.

"Watu wametoka mbali wamekuja mjini kwetu. Tuwaendee mikono mitupu?"

Nikamwambia pale ni makumbusho, si nyumbani kwa mtu. Ni kama nilikuwa nasema na ukuta.

Mlinzi wa mlangoni, Loai, alimwamkia vizuri, kisha akalitazama dele. "Babu, humu hakuingii hata maji."

Baba akaketi kwenye benchi la nje, akasema basi atawangoja wageni watoke. Mimi aibu imenijaa. Loai naye amelelewa nyumba kama yetu, hakuweza kumwangalia mzee kahawa yake inapoa. Akaenda kumwita msimamizi wa maonyesho, mama wa Kimarekani mwenye mvi. Akaja, akaketi, akala halua, akapokea kifinjani cha kahawa.

Kwetu mgeni akitosheka hukitikisa kifinjani, asipokitikisa anatiliwa tena. Yule mama hakulijua hilo, na kukataa aliona ni utovu wa adabu. Baba anatia, yeye anakunywa. Anatia, anakunywa. Niliwaacha kwanza, maana nilikuwa nimebanwa na kicheko, halafu nikamwonea huruma nikamwonesha. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema ndani atatutembeza yeye mwenyewe.

Tandiko la kauboi lilikuwa dogo, limechakaa, limeshonwa na kushonwa tena. Baba alilipitia kipande kwa kipande. "Kumbe walikuwa maskini," akasema. Mbele kidogo palikuwa na viatu vya mtoto wa wale wenyeji, vimejaa shanga hadi kwenye nyayo. Yule mama akaeleza jinsi watu wa mtoto huyo walivyofukuzwa kwenye ardhi yao. Nikamtafsiria baba, ingawa alikwisha kuelewa.

"Kwenye sinema hawa kazi yao ilikuwa kupigwa risasi na kuanguka tu," akasema. "Sikupata kufikiri kuwa wana watoto."

Aliinama akavitazama tena, kimoja kimoja. Nilidhani safari imeharibika.

Picha kubwa kuliko zote ilikuwa chumba cha mwisho, imechukua ukuta mzima: nyasi, mawingu, na nyati wanakwenda zao. Yule mama alimruhusu baba asogee mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu. Mimi niliona picha nzuri, fremu nene ya dhahabu, na pembeni mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Baba aliushika mkono wangu. Akageuza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Maha, inaishia wapi? Siuoni mwisho wake."

Fremu haikuwamo katika kile kidogo alichobakiwa nacho. Wala ukuta, wala kamba, wala sisi. Nilipata hofu na furaha kwa pamoja, hofu ile ya mtu aliyeingia msikitini katikati ya sala. Sote mle ndani tulikuwa tunatazama picha. Baba alikuwa amefika.

"Haina mwisho, baba," nikamwambia.

"Basi niwache mkono."

Nikamwacha.