Dada alipopooza mkono, kikokotoo alichokitengeneza mwenyewe kikamgomea

Wakuu, salaam. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijatia chumvi.

Ni miaka ile milango ya biashara huria imeshafunguliwa, kontena za Dubai zinashuka na kompyuta za mtumba zimeanza kuingia madukani. Dada yangu Rehema alikuwa na frem ya duka la vitambaa vya mapazia Kariakoo, karibu na Msimbazi. Mimi nilikuwa nabeba majora na kukata.

Rehema alisoma kozi ya jioni ya web design, kutengeneza tovuti. Ukurasa wake wa kwanza ukawa kikokotoo cha mapazia. Unaweka upana wa dirisha, urefu, na idadi ya madirisha, kinakupa mita za kitambaa, marinda yakiwemo. Kilikuwa maridadi: maandishi ya kijivu juu ya bluu, button ndogondogo. Kuna wateja walikuja kukiangalia tu.

Kisha akapata stroke.

Alirudi dukani mkono wa kulia hauna nguvu, unatetemeka. Akili timamu, ila maneno yanatoka polepole. Mumewe, shemeji Mussa, kashaamua: frem ipangishwe, Rehema akapumzike kwa mama yetu Nachingwea. Rehema hataki. Nyumbani wakawa hawaongei.

(Shemeji hakuwa mkatili, wakuu. Aliogopa. Hata mimi niliogopa.)

Siku moja akaja mama mmoja mwenye gesti Buguruni, anataka mapazia ya vyumba vyote. Shemeji naye yupo, kakaa kwenye stuli.

Rehema akashika mouse. Mkono ukateleza, akabonyeza C, button ya kufuta, badala ya sifuri. Hesabu yote ikafutika. Akaanza upya. Ikafutika tena. Akajaribu mkono wa kushoto, mshale ukawa unazurura tu.

Nikasogea nimsaidie.

"Kaa," akaniambia bila kunitazama.

Yule mama akasema kwa upole, "Mwanangu, basi nitapita kesho." Akaondoka.

"Rehema, si nilikwambia?" shemeji akasema, naye akatoka.

Nilidhani dada atalia. Akanivutia kiti.

"Andika ninachokwambia. Kilichopooza ni mkono, siyo kichwa."

Tukashinda kwenye code. Yeye anasema, mimi naandika. Maandishi yakawa meusi juu ya nyeupe. Button zikawa kubwa kama kiberiti. C ikahamishiwa pembeni peke yake, na kabla ya kufuta inauliza kwanza. Ukibonyeza Tab unahamia kisanduku kinachofuata, kinageuka njano ujue uko wapi. Enter inatoa jibu. Mouse haihitajiki kabisa.

Nikamwambia, "Dada, umeua urembo wote."

"Urembo usioshikika wa nini?"

Kesho yake mama wa gesti akarudi. Hajakaa vizuri, shemeji akaingia na dalali wa frem! Dalali anazungusha macho ukutani kama duka ni lake tayari.

Rehema akaweka mkono wa kushoto kwenye keyboard. Kidole kimoja kimoja. Namba. Tab. Namba. Tab.

Katikati akapitiliza Tab, akatua kwenye C, akabonyeza Enter.



Kompyuta ikauliza: Ufute kweli? Akabonyeza Esc kukataa. Namba zote zipo palepale.

Shemeji akanyoosha mkono kuelekea mouse.

"Toa mkono, Baba Salma." Alimwambia mumewe polepole, lakini tulisikia wote.

Jibu likatoka, kubwa, jeusi. Mama wa gesti akalisoma mwenyewe kwa sauti, akacheka. "Leo nimesahau miwani, lakini hii naiona. Kata, mwanangu."

Dalali akauliza, "Bosi, frem inatoka au haitoki?"

Shemeji alimwangalia mkewe. "Muulize mwenyewe."

"Haitoki," Rehema akasema.

Dalali akaondoka zake. Shemeji akakunja mikono ya shati, akashika upande mmoja wa kitambaa, mimi upande wa pili, tukaanza kupima. Machozi alikuwa anayafutia begani.

Nisidanganye, mkono wa dada haukurudi kama zamani. Ila frem alibaki nayo.

Nilichojifunza: ukitengeneza kitu, kijaribu kwa mkono usiouzoea, huku kuna mtu anakusubiri. Hapo ndipo utajua kama kinafaa.

Mnaotengeneza app na website, nyumbani kwenu kuna mtu zinamshinda? Mlimfanyiaje? Na mliouguza mgonjwa wa stroke aliyegoma kukaa nyumbani, mwageni yenu hapa chini. Nasoma zote.