Amri Mbili za Mnara

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usipambe.

Kampuni binafsi za simu zilipoingia Mikumi, niliajiriwa kulinda mnara uliosimama kando ya mashamba. Fundi wa kampuni alinipa amri: umeme ukikatika, washa jenereta papo hapo, mtandao usilale. Mwenyekiti wa kitongoji akanipa yake: tembo wakitoka mbugani, zima kila chenye kelele, maana wakishtuka huparamia nyumba za watu.

Mimi sikusoma. Amri zote huziweka kichwani, na humo hukaa chumba kimoja. Nikaona hizi mbili zitagombana. Nikamuuliza fundi, "Umeme ukikatika na tembo wamefika, nishike ipi?"

Akacheka. "Mzee, kwani tembo wako wanakata nyaya?"

Nikaenda kwa mwenyekiti. Akauliza, "Fundi amesemaje?"

"Amecheka."

"Basi tucheke wote, mzee mwenzangu."

Siku yenyewe ilifika jioni, jua halijazama. Mama yako alikuwa zahanati, ameshikwa na uchungu, na nesi alikuwa ameniahidi kwamba mambo yakiwa magumu atapiga simu Kilosa lije gari la wagonjwa. Umeme ukakatika. Nikawasha jenereta. Sijageuka, tembo wamekwisha kuingia kwenye mahindi ya jirani, masikio wameyatanua, wanasukumana kuelekea nyumba yake. Mwenyewe alikuwa dirishani na wanawe, akinipigia kelele.

"Baba, zima! Zima, wanatuangukia!"

Nilimfikiria mama yako. Kisha nikazima.

Tembo walitulia, wakala mahindi bila haraka. Sikuthubutu kuwasha hadi walipoondoka. Wakati huo wote nesi alikuwa akibonyeza simu isiyoitika. Wewe ulitangulia kuzaliwa. Pacha wako alikwama, na gari lilipofika hakuwa na pumzi.

Kampuni ilinifukuza kwa kuzima mtambo. Jirani aliniletea kuku wa shukrani, nikamrudishia.

Baadaye nilimkuta mlinzi mpya pale mnarani. "Umepewa amri ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Uliwauliza zikikutana itakuwaje?"

"Niliuliza. Wakacheka."

Fundi alipokuja tena, nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake, nikamleta, nikawasimamisha wote wawili mbele ya mlinzi yule. Nikarudia swali langu lilelile, na safari hii nikamtaja pacha wako.

Hakuna aliyecheka. Mlinzi aliwatazama, akingoja aambiwe. Nami nilingoja naye hadi giza likaingia, na hawakumwambia.